Tuipime Ardhi Ingali Imetulia

Kila mara ardhi ya nchi yetu inapotikisika kwa nguvu, swali moja husikika mitaani, magazetini na hata madarasani: kwa nini wataalamu hawakutuambia mapema? Ni swali la haki kwa mtu aliyepoteza nyumba yake, lakini sayansi haina uwezo wa kulijibu kama mwulizaji apendavyo. Hakuna mtu, katika nchi yoyote, awezaye kutaja siku, mahali na ukubwa wa tetemeko lijalo. Liko swali jingine ambalo huulizwa mara chache, nalo ndilo ninalotaka kulizungumza hapa: je, ardhi ile ilikuwa ikifanya nini mwaka mmoja, au miaka kumi, kabla ya siku ile? Hilo lina jibu. Lakini jibu lake hupatikana tu pale ambapo chombo kilikuwako, kikiwa kizima, na mtu akitunza maandishi yake, wakati ambapo hapana aliyekuwa na habari na matetemeko.

Ninaandika nikiwa na mahali pamoja mawazoni, napo ni Manchira, katika Wilaya ya Serengeti mkoani Mara. Wasomaji wa sehemu zile wanalifahamu bwawa la Manchira, ambalo maji yake hutumika katika mji wa Mugumu na vijiji vya jirani. Niliwahi kusimama ukingoni mwa bwawa hilo pamoja na darasa la jiografia. Tulikuwa tumekwenda kutazama mmomonyoko wa udongo. Mwanafunzi mmoja, ambaye kwa kawaida hakuwa msemaji, akauliza: "Mwalimu, tetemeko kama lile la Bukoba likitokea hapa, ukingo huu utasimama?" Nikamjibu kwa maneno ambayo kila mwalimu wa jiografia anayajua: kwamba hapa tumekaa juu ya ngao ya kale, miamba yenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5, migumu na iliyotulia, na kwamba Bonde la Ufa liko mbali upande wa mashariki. Kijana akasikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza tena: "Nani amepima?" Sikuwa na karatasi hata moja ya kumwonyesha.

Jibu langu la kwanza halikuwa la uongo, ila lilikuwa na upungufu, na upungufu wake ulionekana Kagera. Jumamosi tarehe 10 Septemba, 2016, yapata saa tisa na nusu alasiri, tetemeko la ukubwa wa 5.9 liliupiga mkoa ule. Watu wasiopungua 17 walipoteza maisha, mamia walijeruhiwa, na maelfu ya nyumba yalibomoka au kupasuka. Shule mbili za sekondari zenye historia ndefu, Ihungo na Nyakato, ziliharibika hata ikabidi zifungwe kwa muda, na Ihungo ikajengwa upya. Laiti tetemeko lile lingetokea siku ya masomo, huenda leo tungekuwa tunahesabu vifo vya namna nyingine. Sasa itazame ramani. Kagera haimo ndani ya Bonde la Ufa. Iko kati ya matawi yake mawili, upande wa magharibi wa Ziwa Viktoria, kama vile Mara ilivyo kati ya matawi hayo upande wa mashariki. Kina cha tetemeko lile kilikadiriwa kuwa kiasi cha kilometa 40, ambacho ni kirefu sana kwa matetemeko ya bara. Maana yake ni kwamba ganda la dunia chini ya miamba ya kale linaweza kuvunjika, hata pale ambapo wazee hawakumbuki mtikisiko mkubwa.

Baada ya tetemeko lile ilifuata mitetemo mingine midogo kwa siku nyingi. Wataalamu wa jiolojia walikwenda, nyufa zikatazamwa, majengo yakakaguliwa. Hii ndiyo desturi ya dunia nzima: tetemeko likitokea, vyombo hupelekwa haraka, hukaa miezi kadhaa, kisha hufungwa kwenye masanduku na kurudishwa. Kwa hiyo tunazo habari nyingi za "baada" na chache mno za "kabla". Mganga anayemwona mgonjwa siku ya homa tu, asijue joto lake la kawaida ni kiasi gani, atasema nini juu ya ugonjwa huo?

Yafaa tueleze kwa nini kipindi cha kabla kina thamani hata kama hakimwezeshi mtu kutabiri. Mwaka 1894 mtaalamu wa Kijapani, Fusakichi Omori, alichapisha uchunguzi wake juu ya mitetemo iliyofuata tetemeko kubwa la Nobi la mwaka 1891. Aliona kwamba mitetemo ya kufuatia hupungua kwa utaratibu: tuseme siku ya kwanza imehesabiwa 100, basi siku ya 10 itakuwa kama 10 tu, na siku ya 100 itakuwa mmoja au chini yake. Kanuni hii, iliyorekebishwa baadaye, ingali ikitumika hadi leo, na inaeleza kwa nini watu wa Bukoba waliendelea kushtuka usiku kwa wiki kadhaa, na kwa nini uvumi wa "kubwa zaidi linakuja" haukuwa na msingi wa kisayansi. Lakini angalia: ili kujua mitetemo imekwisha kupungua hadi hali ya kawaida, ni lazima kwanza tujue hali ya kawaida ni ipi. Mitetemo mitatu midogo kwa mwezi ni mabaki ya tetemeko, au ndiyo desturi ya mahali pale tangu zamani? Asiye na kumbukumbu za nyuma hawezi kusema.

Kanuni ya pili ilitolewa na Beno Gutenberg na Charles Richter nchini Marekani katika miaka ya 1940. Hawa waliona kwamba ukubwa unapopungua kwa hatua moja, idadi ya matetemeko huongezeka takriban mara kumi. Penye tetemeko moja la ukubwa wa 5, tutazamie kama 10 ya ukubwa wa 4, na 100 ya ukubwa wa 3, na 1,000 ya ukubwa wa 2. Haya madogo hayamwamshi hata mtoto mchanga, lakini chombo huyaandika. Hapa ndipo penye faida kubwa kwa nchi maskini wa kumbukumbu kama yetu. Hatuna haja ya kungoja miaka mia ili kujua matetemeko makubwa hutokea Mara kwa kadiri gani. Tukiyahesabu madogo kwa miaka kumi kwa uaminifu, tunaweza kuyakadiria makubwa. Makadirio hayo ndiyo mhandisi anayoyahitaji anapochora ukingo wa bwawa, daraja au jengo la madarasa. Hamhitaji mtabiri.

Tunao mfano mmoja wa nyumbani unaoonyesha thamani ya chombo kilichotangulia. Ukitoka Manchira na kuvuka nyanda zote za Serengeti kuelekea kusini-mashariki, kiasi cha kilometa 180, unafika mlima Gelai, karibu na Ziwa Natron. Mwezi Juni mwaka 2007 watafiti wa Kifaransa, kwa kushirikiana na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walitandaza vyombo vya muda vipatavyo 35 kaskazini mwa Tanzania. Walikuwa na nia ya kuchunguza ganda la dunia na mitetemo ya kawaida ya eneo hilo. Hawakutazamia tukio lolote maalumu. Tarehe 12 Julai ardhi chini ya Gelai ikaanza kutikisika. Tarehe 17 Julai likaja tetemeko la ukubwa wa 5.9, ambalo lilisikika hadi Arusha na Nairobi. Mitetemo ikaendelea kwa wiki nyingi, na mwanzoni mwa Septemba mlima jirani, Oldoinyo Lengai, ukalipuka kwa kishindo na kurusha majivu.

Kwa kuwa vyombo vilikuwako tayari, na kwa kuwa picha za rada zilizopigwa kutoka satelaiti zilionyesha jinsi uso wa ardhi ulivyoshuka na kutanuka, wataalamu waliweza kuona jambo ambalo lingepotea kabisa. Ardhi ilikuwa imeteleza polepole, bila kishindo kikubwa, kisha magma ya volkeno ikapenya kwenye mwamba kama kabari na kuupasua. Sehemu kubwa ya mjongeo wote ilipita kimyakimya. Tena tetemeko kubwa kuliko yote halikuwa la kwanza, na mengine hayakupungua kwa utaratibu wa Omori. Lilikuwa ni kundi la mitetemo lenye tabia yake. Haya yote tuliyajua kwa bahati. Vyombo vingechelewa miezi miwili tu, tungebaki na nyufa za kupigia picha. Nami nauliza: taifa lijifunze juu ya ardhi yake kwa bahati hadi lini?

Hapa nijihadhari nisije nikauza nisichonacho. Wapo watu watakaosoma habari za Gelai na kudhani kwamba mitetemo midogo ni kengele ya hatari, kwa hiyo tukiwa na vyombo tutaonywa. Historia haikubali. Tarehe 4 Februari, 1975, mji wa Haicheng nchini China ulitanguliwa na mitetemo mingi midogo, watu wengi wakatolewa majumbani, na maisha mengi yakaokoka. Dunia ikashangilia. Haikupita hata miaka miwili, tarehe 28 Julai, 1976, mji wa Tangshan katika nchi hiyohiyo ukaangamizwa bila mitetemo ya kutangulia iliyo dhahiri. Hesabu rasmi ya waliokufa ni zaidi ya 240,000. Japani nayo, yenye vyombo vingi kuliko karibu nchi zote, ilitikiswa tarehe 9 Machi, 2011 na tetemeko la ukubwa wa 7.3. Wengi walidhani hilo ndilo kuu. Siku mbili baadaye likaja la ukubwa wa 9.0, na lile la kwanza ndipo likapata jina la mtangulizi. Mtetemo mdogo hauna alama usoni inayosema kuwa ni mtangulizi. Hupewa cheo hicho baada ya mkubwa kufika. Mwalimu atakayewafundisha wanafunzi wake jambo hili moja atakuwa amewakinga na waongo wengi.

Nirudi kwenye bwawa, maana yule kijana alistahili jibu lililo bora. Maji mengi yakikusanywa mahali pamoja, uzito wake huikandamiza miamba, na yenyewe hupenya katika nyufa na kuzilegeza. Ziwa la Kariba kwenye mto Zambezi lilianza kujazwa mwezi Desemba 1958, na lilipojaa, mwezi Septemba 1963, mahali pale palitikiswa na matetemeko ambayo kubwa lake lilifikia ukubwa wa 6 hivi. Kule Koyna, India, tetemeko la tarehe 10 Desemba, 1967, karibu na bwawa lililojengwa muda mfupi kabla, liliua watu wapatao 180. Bwawa la Manchira ni kama kikombe mbele ya Kariba, ambayo eneo lake hupita kilometa za mraba 5,000. Sidai hata kidogo kwamba litaleta tetemeko. Ninachotaka kionekane ni fundisho la Kariba. Vyombo vya jirani viliwekwa wakati ziwa likiwa limekwisha kuanza kujaa. Kwa sababu hiyo wataalamu walibishana kwa muda mrefu juu ya jambo ambalo daftari la miaka mitano ya nyuma lingelimaliza: mitetemo mingapi ilikuwako kabla ya maji?

Najua pingamizi litakalotolewa. Mkoa una shule zenye upungufu wa madawati, na maabara nyingi hazina hata mizani ya kutosha. Iweje tuzungumzie sismografu? Pingamizi hili si la kupuuzwa, nami mwenyewe nimefundisha somo la umeme bila waya. Zamani lingetosha kuumaliza mjadala, kwa kuwa kituo kilihitaji chumba maalumu, saa ya bei kubwa na fundi wa kudumu. Siku hizi viko vyombo vidogo, vya ukubwa wa kitabu kinene, ambavyo hupata saa kutoka satelaiti au mtandao, na hutumia umeme kidogo unaoweza kutolewa na paneli ya jua. Nchi ya Haiti ilipopigwa na tetemeko la tarehe 12 Januari, 2010, haikuwa na mtandao wowote wa vituo vya kupimia. Baadaye vituo vya serikali vikajengwa, lakini tetemeko jingine kubwa lilipokuja tarehe 14 Agosti, 2021, vingi havikuwa vikifanya kazi. Vilivyofanya kazi ni vyombo vidogo vilivyowekwa majumbani mwa wananchi wa kawaida waliojitolea, na kwa vyombo hivyo mitetemo ya kufuatia ilihesabiwa siku kwa siku. Mmoja wa walioongoza kazi hiyo ni Mfaransa Eric Calais, yuleyule aliyeongoza uchunguzi mmoja mkubwa wa tukio la Gelai. Haiti si nchi tajiri kutushinda.

Rai yangu basi ni hii. Shule tatu za sekondari mkoani Mara zipewe kila moja chombo kimoja: moja jirani na Manchira, moja wilayani Tarime, na ya tatu upande wa ziwa, Musoma au Bunda. Nasema tatu kwa sababu ya hesabu. Tetemeko hutoa mawimbi ya kwanza yaendayo mbio na mawimbi ya pili yaendayo polepole; tofauti ya sekunde kati ya kufika kwake, ikizidishwa kwa kilometa 8, hutoa umbali kwa makadirio. Mtetemo wa Gelai utaonekana Manchira kwa tofauti ya sekunde 22 hivi, na wa Kagera, ambako ni kama kilometa 350, kwa sekunde 44. Lakini umbali peke yake ni duara tu kwenye ramani. Maduara mawili hukatana penye alama mbili. La tatu ndilo linaloonyesha kitovu. Kwa bikari na ramani ya mkoa, mwanafunzi wa kidato cha tatu anaweza kufanya kazi ambayo mababu zetu hawakuwa na njia ya kuifanya.

Tarime inafaa kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba ukingo wa Isuria, unaotoka Kenya kuelekea bonde la mto Mara, ni alama ya ufa wa kale, na inafaa tujue kama ungali hai. Ya pili ni Nyamongo. Katika mgodi wa dhahabu wa huko miamba hupasuliwa kwa baruti, na kila mlipuko utaandikwa na chombo. Wengine wataona huo kuwa ni uchafu wa kumbukumbu. Mimi nauona kuwa ni kitabu cha kiada kisichonunuliwa. Baruti husukuma mwamba nje pande zote kwa pamoja, kwa hiyo msukumo wa kwanza huwa wa namna moja katika kila kituo. Tetemeko halisi, ambalo ni mteremko wa mwamba juu ya mwamba, husukuma upande mmoja na kuvuta upande mwingine. Wanafunzi wakijizoeza kutenganisha hayo mawili, watakuwa wameshika kiini cha taaluma nzima. Kule Manchira usumbufu utakuwa wa namna nyingine: upepo, magari ya barabarani, na majira ya nyumbu, ambao makundi yao hayataacha kuandika jina lao. Kwa hiyo chombo kiwekwe juu ya mwamba ulio wazi, mbali na barabara na mbali na ukingo wa bwawa wenyewe.

Kando ya chombo, liwepo daftari. Nicholas Ambraseys na mwenzake Robin Adams walipochunguza upya matetemeko makubwa ya Afrika ya miaka ya 1900 hadi 1930, likiwamo lile la Rukwa la tarehe 13 Desemba, 1910 na lile la Subukia nchini Kenya la tarehe 6 Januari, 1928, hawakutegemea mashine za mbali peke yake. Walisoma barua, magazeti na taarifa za watu waliokuwa mahali pale: chungu gani kilianguka, ukuta upi ulipasuka, ilikuwa saa ngapi. Karibu maandishi yote hayo yaliachwa na wageni. Wakurya, Waikoma na Wangoreme walioishi wakati huo nao walikuwa na macho na masikio, ila hapana aliyewauliza na kuandika. Daftari la shule litunze tarehe, saa na dakika, mahali mtu alipokuwa, amekaa au amesimama, vitu vilivyoanguka na upande vilikoangukia. Siku isiyo na tukio iandikwe vilevile, "hakuna", kwa kuwa ukurasa mtupu haumwambii msomaji kama ardhi ilitulia au kama mwandishi alisahau.

Vituo vya namna hii hufa kwa sababu ndogo ndogo. Betri huchakaa na hapana fungu la kununulia nyingine. Mwalimu aliyefundishwa huhamishwa. Panya hula waya. Kwa hiyo wafundishwe walimu wawili katika kila shule, wala si mmoja. Nakala ya kumbukumbu ipelekwe kila mwezi kwa Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini, Dodoma, na kwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ili chombo kikiharibika, miaka iliyokwisha kuandikwa isipotee pamoja nacho. Ufunguo wa kibanda ukae kwa mwalimu wa fizikia, na wa pili kwa mkuu wa shule. Kalamu ya daftari ishikwe na mwanafunzi, kwa zamu ya wiki, akianza, kama ningekuwa na sauti katika jambo hilo, yule aliyeuliza nani amepima.